Anaya ya Nyumba ya Uwali

Saint-Laurent, kando ya Mto Maroni
12 Aprili 1893

Kwa mama yangu Dahbia,

Salamu nyingi zikufikie hapo Ait Uzru, na zimfikie Mwalimu Lunis anayekusomea. Mwalimu, tafadhali usiruke mstari. Barua hii anaileta Salahi, mpishi wa meli ya wafungwa, mtu wa bonde letu. Hajui kusoma, kwa hiyo hana cha kusengenya. Jibu mpeni yeye mwenyewe mkononi meli ikirudi Aljeri.

Nimefika, Mama, na yupo. Hemu yu hai.

Njiani tulifungiwa vizimbani tumboni mwa meli, watu sabini kila kizimba. Mtu mmoja wa Orani alimng'ata mwenzake shavu mpaka nyama ikatoka, wakigombania pa kulaza mbavu. Askari hawakuingia kuamua. Walifungua bomba la mvuke wakatuchoma wote, mwenye kosa na asiye na kosa. Bega langu la kushoto limebabuka. Nilivumilia kwa sababu nilijua ninakokwenda. Hakimu aliponisomea miaka minane kwa kuchoma mazizi ya yule mlowezi, nilicheka, akadhani nina wazimu. Masikini ya Mungu, hakujua kwamba ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Hemu sasa ni nyapara. Wafaransa hupenda kuwapa watu wa kwetu funguo na fimbo, ili wafungwa wa Kifaransa watuchukie sisi badala ya kuwachukia wao. Amenenepa shingo. Wiki yetu ya kwanza msituni, kijana mmoja wa Kifaransa aliachia kamba ya gogo, akasema hawezi tena. Hemu alimpiga mgongoni mpaka fimbo ikavunjika, kisha akaomba nyingine. Yule kijana alikufa kabla jua halijazama, damu ikimtoka masikioni, na sisi tuliobaki tukaambiwa tuvute na sehemu yake. Muda wote nilikuwa naitazama mikono ya Hemu. Ndiyo mikono iliyoshusha shoka kichwani kwa Baba pale kwenye kinu cha zeituni, nikiwa na miaka kumi na mmoja, niko kwa Mwalimu najifunza kuandika.

Hanijui. Kwenye daftari la jela Wafaransa wameniandika kwa jina walilotubandika wao, na ndevu wamezinyoa. Nanoa kipande cha pete ya pipa. Nipe muda kidogo.

Mwanao,
Meziani


Ait Uzru
30 Agosti 1893

Meziani,

Nimesikia habari za meli. Nimesikia habari za mvuke, na za Mfaransa aliyekufa. Habari za Hemu kufa sikuzisikia. Nilimwambia Mwalimu asome tena, nikidhani ameruka mstari.

Unaomba muda? Nimekupa miaka kumi na mmoja ya kukua! Baba yako alipasuliwa kichwa mchana kweupe, punda wake akiangalia. Ilikuwa haki yetu kumlaza Hemu chini siku ileile. Wakaja Wafaransa wakamchukua, wakamlisha, na sasa unaniambia wamempa na funguo. Wametuibia kisasi chetu, wakakiita hukumu. Kama wangetuibia kondoo ningesamehe.

Kisimani wanawake wananipisha nichote mwanzo. Unajua maana yake? Wananihurumia. Mimi, Dahbia! Yamina peke yake, mama yake Hemu, ndiye hanipishi. Ananikazia macho tu, bila neno, mpaka mtungi ujae.

Sasa nisikilize. Asife kwa homa. Asife usingizini. Usimchome mgongoni kama mwizi. Mtajie jina la baba yako, kisha jina langu, ayasikie yote mawili akiwa na akili zake. Na kama mikono yako imelegea, sema, nijifunge kibwebwe nije mwenyewe. Nilizaa mwanaume au nilizaa kikapu?

Dahbia, kwa alama ya kidole chake

Mimi Lunis niliyeandika naongeza mstari huu bila yeye kujua. Mwanangu, usikimbilie. Kuna mambo ungepaswa kuyasikia kwanza, na si mimi wa kuyasema.


Saint-Laurent
8 Novemba 1893

Mama,

Mwalimu, msomee yote, hata yatakayomkasirisha. Hasa hayo.

Mwezi uliopita Wafaransa wawili walinivizia kwenye banda la msumeno wakitaka viatu vyangu. Mmoja alinishika mikono kwa nyuma, mwingine akanipasua tumbo, si kwa kina, lakini niliona utumbo wangu kwa macho yangu. Hemu akatokea na mpini wa shoka. Wa kwanza alimvunja magoti yote mawili. Wa pili alimkalisha, akauweka mkono wake chini ya gogo, akalisukuma gogo lipite. Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Halafu akaja kwangu, akatoa sindano na uzi wa magunia, akaanza kunishona.

“Tulia, mtoto wa Uwali,” akaniambia.

Nikamuuliza amejua lini.

“Siku ya kwanza. Unatembea kama baba yako, kana kwamba njia ni shamba lako. Na kile kisu chako kiko chini ya ubao wa tatu. Kinoe vizuri, kimeanza kutu. Utaniua kwa pepopunda.”

“Mbona hukuniua wewe kwanza?”

“Nikuue kwa kosa gani? Ulikuwa mtoto. Walikuambiaje kuhusu mdogo wangu Akli?”

Nikamwambia ninavyojua mimi: Akli aliingia kwetu kuiba, Baba akamkuta, akamuua. Hemu akavuta uzi kwa nguvu mpaka nikapiga kelele.

“Akli hakuiba hata tini. Waligombana na baba yako kwenye mpaka wa zeituni, wakakatana kwa mundu, baba yako akachanika uso. Ndugu zenu wakamfukuza Akli kama mbweha. Alipoona hana pa kukimbilia, akaingia nyumbani kwenu, akashika sketi ya mama yako, akaomba anaya. Akapewa.”

Huna haja ya kufundishwa uzito wa anaya, Mama. Adui akiiomba, akapewa na mwenye nyumba, mke kwa mume ni mamoja, hashikwi tena. Anayemgusa, kijiji humpiga mawe mpaka afe, na paa lake hushushwa. Nilimwambia Hemu ni mwongo. Akasema kuna mwanamke jirani aliyesikia kila kitu ukutani, akamnong'oneza Yamina, kisha akaogopa kwenda barazani.

“Baraza lilimwuliza mama yako mwenyewe,” akasema. “Akajibu hakutoa anaya. Baba yako akaachiwa, anatembea. Ndipo nilipochukua shoka.” Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. “Mwandikie. Mwulize wewe. Akisema hakutoa, njoo na kisu chako tumalizane kiume. Akisema alitoa, basi baba yako alipata haki yake, na mimi na wewe hatudaiani damu.”

“Na jibu lake utaliamini?”

“Alidanganya wanaume wa baraza. Mwanawe hatamdanganya. Hakuna mama wa milima yetu anayeweza.”

Basi nakuuliza, Mama. Ulimpa Akli anaya? Mpaka jibu lije sili naye. Akileta sufuria nasema nimefunga, nisije nikala chumvi yake kisha ikanilazimu kumuua.

Meziani


Ait Uzru
2 Februari 1894

Meziani,

Sikumpa. Akli aliingia kama mwizi, na sikumpa chochote, wala neno wala maji. Naapa kwa kaburi la baba yako. Na kama hilo halitoshi, naapa kwa kichwa chako wewe: kikatwe kama nasema uongo.

Umeridhika? Nimekubeba tumboni, nimekulea kwa mkate wa mbegu za mialoni wakati wenzako wanakula shayiri, na leo unaniweka kizimbani kwa neno la aliyemuua baba yako! Ati alikushona tumbo. Fumua nyuzi hizo. Bora ufe na tumbo wazi kuliko kuishi na mshono wa Hemu.

Mwalimu ameniomba aongeze salamu zake. Nimemnyima.

Dahbia


Saint-Laurent, selo ya waliohukumiwa
21 Aprili 1894

Mama,

Amekufa. Nimefanya kama ulivyosema, na majina yote mawili ameyasikia.

Barua yako nilimsomea saa ya chakula cha mchana, nyuma ya banda la msumeno. Akasema, “Soma tena.” Nikasoma. Akasema, “Tena, pole pole.” Mara ya tatu akaninyang'anya, akaitazama kana kwamba anajua kusoma.

“Ameapa kwa kichwa chako?”

“Ndiyo.”

“Basi tutoke kwenye jua,” akasema, akavua mkanda wa funguo, akautundika msumarini.

Nilimtajia jina la Baba, nikataja lako, akanitemea mate. Nilimchoma mara ya kwanza ubavuni, kisu kikapinda kwenye mfupa. Akanirukia. Aliling'ata sikio langu la kulia akaling'oa, akalitema kwenye unga wa mbao. Vidole vyangu viwili amevivunja. Wafungwa waliacha vibakuli vyao wakasimama kutuzunguka, na askari juu ya kibanda chake alikuwa bado anatafuta bunduki. Hemu akaniangusha, akanikalia kifuani, akaniziba koo kwa goti. Niliona giza. Mama, alikuwa ameshaniua. Alibakiza kukandamiza tu.

Kisha akainama akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, “Meziani, ni kweli ameapa? Hukunisomea uongo?”

Nikatikisa kichwa kuwa ni kweli. Goti likalegea. Sijui kwa nini lililegea. Mkono wangu ukapata shoka la kuchongea magogo, nikampiga nalo taya, kisha shingo. Shingo ile ilikuwa nene. Nilipiga mara nne, na ya nne nilikuwa napiga nikilia, sijui nalia nini. Kabla ya pigo la kwanza la shingo alisema, damu ikimfurika mdomoni, “Mwambie mama yangu nilingoja jibu.”

Mahakama yao imekaa asubuhi moja. Waliniuliza sababu, nikasema tuligombania tumbaku. Wameamua nikatwe kichwa, wanangoja tu karatasi kutoka Paris. Sijuti. Au nisemeje? Ungeniandikia neno moja la kunituliza, ningefurahi.

Meziani


Ait Uzru
20 Machi 1894
(Muhuri wa jela: imesomwa na mkalimani, imeruhusiwa, 3 Julai 1894)

Meziani mwanangu,

Barua hii naituma kwa posta, si kwa Salahi, kwa sababu Salahi haendi mpaka meli iondoke, na posta ina haraka. Mwalimu anasema Wafaransa wataifungua. Waifungue. Waisome barazani kwao kama wanataka. Wewe uipate tu mapema.

Usimguse Hemu. Kama umeshachukua kisu, kitupe mtoni.

Nilimpa. Aliingia amelowa, ana miaka kumi na saba, akaishika sketi yangu kwa mikono miwili, akasema, “Niko chini yako.” Nikamwambia, “Uko.” Nilimpa kitambaa changu cha kichwa akifunge mkononi, kila mtu akijue. Baba yako alikuja uso umechanika, hasikii la mtu. Alimburuta mpaka kizingitini akamchinja pale, na kile kitambaa nikakitia motoni kabla watu hawajafika.

Baraza lilipouliza, nilitazama paa. Nikafikiri: nikisema ndiyo, Uwali anapigwa mawe leo, paa linashushwa kesho, na Meziani wangu atalala wapi? Nikasema hapana. Ilikuwa neno moja. Baada ya hapo kila mwaka nililazimika kulilisha neno lile, na nimelilisha mpaka na wewe.

Tangu niape kwa kichwa chako sijapata usingizi wa kutosha hata kuota. Nikisinzia naamka nakutafuta. Mwalimu aliandika kiapo kile, na siku ya tatu akaja akaniambia hataniandikia tena maisha yake yote isipokuwa hii. Ana haki.

Kula na Hemu. Kula chumvi yake. Mwambie Dahbia amesema: nilimpa.

Mama yako


Saint-Laurent
17 Julai 1894

Mama,

Umechelewa. Ulichelewa miaka kumi na mmoja, na mkalimani wa hapa akakuongezea miezi mingine kwa sababu barua yako ilikuwa chini ya rundo. Aliniletea mwenyewe, anaona haya, akanipa na sigara.

Nimekuchukia siku kumi na nne. Nimekutukana kwa sauti mpaka mwenzangu wa selo ya pili akagonga ukuta. Goti la Hemu nalihisi kooni kila ninapomeza, linalegea, linalegea. Alilegeza kwa sababu alikuamini wewe, Mama. Mtu aliyeua watu kwa fimbo hapa bila kupepesa jicho, akaamini kwamba mama hawezi kumwapia mwanawe uongo. Na mimi niliamini hivyohivyo. Tulikuwa wajinga wawili tunakatana nyuma ya banda.

Leo chuki imenichosha. Karatasi ya Paris imefika, na mashine ya kukatia vichwa wameifunga uani. Nimesikia wakiijaribia kwenye shina la mgomba. Kesho wafungwa wote watapigishwa magoti waangalie. Wafaransa wanadhani wananiua kwa ajili ya tumbaku, na nimewaachia wadhani hivyo, nisilitaje jina lako kwa wageni.

Lakini kwetu utalitaja mwenyewe. Mwalimu, barua hii isome barazani, neno kwa neno. Hemu alikuwa na haki. Baba alikuwa na hatia. Mimi nimemuua mtu niliyekuwa sidai damu yake, na kichwa changu ndicho fidia; waambie ukoo wa Hemu wasitafute mwingine. Kisha, Mama, nenda kwa Yamina kwa miguu yako ukamwambie uliyoniambia.

Wakitaka kukudhuru, waambie Meziani amempa mama yake anaya. Mimi ndiye mwanaume wa mwisho wa nyumba ya Uwali, kutoa ni haki yangu. Baba aliivunja, nawe uliikana. Sijui kama yangu itaheshimiwa na mtu. Sina kingine cha kukuachia.

Nilikupenda kuliko nilivyompenda Baba. Sura yake hata siikumbuki vizuri. Nilikuja huku kwa ajili yako.

Meziani


Ait Uzru
4 Oktoba 1894

Kwa Meziani mwana wa Uwali,

Najua hupo. Salahi alikuwa miongoni mwa waliokodishwa kuosha ua siku ile, naye ametusimulia ulivyokwenda: bila kushikwa, ukiomba tu wasikuzibe macho. Nimezoea kukuandikia, na nina la kukueleza, basi niruhusu.

Barua yako niliisoma barazani siku ya Ijumaa, wanaume wote wa kijiji wamekaa kwenye mawe yao. Nikaongeza langu: kwamba tangu mwaka ule nilishuku, nami nikanyamaza, kisha nikauandika uongo ule kwa kalamu yangu. Wameniondoa kwenye ualimu. Sikubishana nao.

Mama yako aliingia. Tangu kijiji hiki kijengwe, mwanamke hajaingia barazani wakati wa kikao. Mkuu wa kijiji akamwuliza, kwa adabu, kama anaipokea anaya uliyompa.

“Anaya huombwa,” akasema. “Mimi sikuiomba. Akli ndiye aliyeomba.”

Akatoka, akapanda kilima kwenda kwa Yamina. Tukamfuata kwa mbali. Yamina alikuwa mlangoni anatwanga chumvi, mchi mkononi, na wajukuu zake, watoto wa Hemu, wakasimama. Mama yako akavua kitambaa cha kichwa mbele ya wanaume wote, akapiga magoti, akasema yale aliyokuandikia. Yamina akamsikiliza mpaka mwisho. Amepoteza wana wawili kwa ajili ya nyumba moja, lakini hilo hakulitaja.

“Alilia?” akauliza. “Akli wangu. Alilia?”

“Hakulia. Alikuwa anatetemeka. Alikaa karibu na moto, akawa ananiuliza kila mara, ‘Mama, mlango umefungwa?’ Nikamwambia umefungwa.”

“Ulikuwa umefungwa?”

Mama yako akainua uso, akamtazama Yamina.

“Ulikuwa umefungwa kwa komeo. Uwali alipogonga akaniita jina, nilifungua mimi.”

Hilo hakukuandikia, Meziani. Hakuwahi kumwambia mtu.

Yamina akampiga kwa mchi. Tulisikia taya likivunjika tulikokuwa tumesimama. Mama yako akaanguka, Yamina akampiga tena, begani, na mara ya tatu mgongoni, na hakuna mwanaume aliyesogea, nami sikusogea, wala mama yako hakuinua mkono kujikinga. Wajukuu walitaka kummalizia. Yamina akawafukuza kwa mchi uleule. Kisha akaketi chini hapohapo vumbini, anahema, akamvuta mama yako kwa nywele mpaka nyuso zao zikakaribiana.

“Haya, sema tena,” akamwambia. “Anzia alipoingia. Alikuwa amevaa nini?”

Na mama yako, mdomo umejaa damu na taya linaning'inia, akaanza kumweleza.

Lunis